Bandeji ya Mwani

Akiror alikuwa akikaanga mandazi kando ya foleni ya malori pale Malaba. Lori moja lilirudi nyuma, dereva hakutazama, likapindua karai. Mafuta yalimmwagikia mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni.

Mwanzoni alifungwa shashi ya kawaida. Iligandana na kidonda, na kila ilipobanduliwa ilitoka na ngozi changa. Alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Ndipo nesi Velma, wa kliniki moja ya pale mpakani, akamwekea bandeji nyingine, laini kama pamba.

"Hii imetengenezwa na mwani, majani ya baharini," Velma alimweleza. "Ikinyonya maji ya kidonda inakuwa kama uji mzito. Haishiki nyama."

Siku ya kuibadilisha, Akiror alifumba macho akingoja maumivu. Hayakuja. Alilia hata hivyo.

Habari zikamfikia shemeji yake Oriokot, kaka ya mumewe na mzee wa kanisa. Alikuja nyumbani na wanawake wawili wa maombi.

"Shemeji, toa hiyo kitu. Vitu vya baharini ni vya majini na mapepo."

"Na chumvi unakula inatoka wapi?"

"Usinichezee. Ukikataa kutoa, kwaya usahau."

"Nilipokuwa naoza hukuja kuniombea. Nimeanza kupona ndio unaona majini? Sitoi."

Mmoja wa wale wanawake alinyoosha mkono aifungue bandeji. Akiror aliukumbatia mkono wake kifuani, akasimama, akawaonyesha mlango.

Jumapili, joho la kwaya lilikataa kupita juu ya bandeji. Akachukua mkasi, akakata mkono wa joho begani, akaenda kusimama mstari wa mbele. Oriokot alimwashiria mpiga ngoma, na ngoma ikanyamaza. Kanisa zima likamkodolea Akiror macho.

Akiror akaanzisha wimbo peke yake, kwa Kiteso. Sauti ilitetemeka, kisha ikanyooka. Ubeti wa pili, mama mkwe wake Benedetta, aliyemzaa Oriokot mwenyewe, aliinuka kwenye benchi akaitikia. Wengine wakafuata. Oriokot akatoka nje.

Kidonda kilifunga kabla mvua za masika hazijaisha. Kidole kimoja hakikunjiki vizuri mpaka leo, na Oriokot bado hamsalimii kwa mkono. Lakini kila Jumapili, ibada ikiisha, Akiror humnyooshea ule ule wa kulia mbele ya watu wote. Auache hewani akitaka.