Paa la Bibi

Nyumba ile watu waliipita kwa mbali. Si kwamba ilikuwa na mashetani. Mashetani nao wana heshima zao, wasingekubali kulala mahali panapovuja namna ile. Mwenyewe, bibi kizee aliyewalea wanawe humo, alipofariki, mlango ulifungwa na miaka ikapita. Popo wakawa wenye nyumba, nyasi zikaota mpaka kizingitini. Kisha siku moja akaingia mjukuu wa marehemu, mwoka mikate, pamoja na mkewe fundi cherehani na watoto wao wawili.

Mkubwa, binti wa miaka mitano, aliitwa Meneja, kwa sababu tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kukaa mbele yake bila kupangiwa kazi. Basi mtaa mzima ukawaita wazazi wake Mama Meneja na Baba Meneja. Mdogo, aliyekuwa bado anatambaa, aliitwa Bonge, na aliyemwona hakuuliza kwa nini.

Hawakupewa nyumba, walipewa muda. Baba mkubwa, aliyeishi mbali, alitaka gofu lile liuzwe wagawane. Shangazi, dada yake, akamsihi. Wawili hao ndio watoto wa marehemu waliobaki, na usemi ulikuwa wao. Wakakubaliana vijana wakae, waitengeneze, na mvua kubwa zikianza shangazi aende akaone kwa macho yake. Ikiwa bado inavuja, iuzwe na maneno yaishe.

Mama Meneja alikuwa amekulia vyumba vya kupanga, akihamishwa huku na huko na godoro kichwani. Kuipenda nyumba ile kulimshika siku ya kwanza, alipofungua dirisha la jikoni na nusu ya dirisha ikabaki mkononi mwake. Mtu mwenye akili angekimbia. Yeye alicheka, akaiegemeza ile nusu ukutani, akauliza misumari iko wapi.

Wakaingia kazini. Waliwatoa popo, wakakwangua kuta, wakang'oa dari iliyooza mpaka mabati yakaonekana. Baba Meneja alikuwa hodari, lakini mikono yake ilijua kazi moja tu. Saruji ya kwanza aliikanda kwa mapenzi, akaibonyeza kwa kidole, akaifunika akaiacha ipumzike kidogo kama unga. Ilipumzika kweli, ikaganda ndani ya karai, na karai lile mpaka leo liko uani, kuku wanalikalia.

"Ungeitia hamira kabisa," mkewe akamwambia.

Alimcheka siku nyingi, bila kujua kuwa zamu yake inakuja.

Zamu yake ilikuwa paa. Mvua za rasharasha zilipopita, nyumba ilivuja sebuleni, chumbani, jikoni, kila mahali. Mama Meneja hakubabaika. Tundu ni tundu, akasema, na kuziba matundu ndiyo kazi iliyomlisha. Kila tone lilipoangukia alichora duara sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo. Kulipokauka alipanda juu ya meza, akaning'iniza uzi wenye mkasi mdogo mpaka ncha ya mkasi ikasimama katikati ya duara, na pale uzi ulipogusa bati akagonga kwa mpini wa ufagio. Mumewe, aliyekuwa juu ya paa na kopo la lami, alipaka palipogongwa. Ilikuwa kazi safi, ya vipimo. Wakashuka wamechafuka mpaka masikioni, wakapeana mikono kama wakubwa waliotia saini mkataba.

Mvua iliyofuata ikavuja palepale, kwenye duara zilezile.

"Labda tumeziba paa la jirani," Baba Meneja akasema.

Mkewe hakucheka. Mvua kubwa zilikuwa zinanukia, na usiku ule hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alitoka kuanua nepi za Bonge zilizosahaulika nje. Kamba ilikuwa imelegea. Akaona tone la maji limeshika kamba kule mwanzoni, karibu na mti, likateleza polepole, likafika katikati palipobonyea, ndipo likaanguka. Likaja la pili, likafanya vivyo hivyo. Mama Meneja akasimama na nepi begani, mdomo wazi. Kwenye nguo, tundu liko pale unapoliona. Kwenye paa, maji huingia kwingine, yakatembea juu ya mbao, yakaangukia yanapotaka.

"Baba Meneja!" akapiga kelele. "Njoo unicheke!"

Akaja, akamcheka mpaka akakaa chini. Mkewe alistahili, maana alikuwa na deni la saruji.

Siku hiyohiyo mume akapanda tena, safari hii na ndoo na jagi. Alimwaga maji kidogo kidogo, akianzia chini kupanda juu, na mkewe ndani akayafuata kwa macho kwenye mbao mpaka yalikoingilia. Meneja alisimama mlangoni kupeleka maneno.

"Baba, mwaga! Baba, acha! Baba, nani kakuambia upumzike?"

Bonge alizunguka sakafuni akilamba matone. Matundu waliyapata mbali na duara, kwenye misumari iliyolegea huko juu kabisa, moja baada ya jingine. Kona ya jikoni peke yake haikutoa hata tone, ingawa walimwaga ndoo nzima. Wakasema hiyo imepona yenyewe, wakaenda kuoga.

Shangazi alifika siku ambayo mbingu zilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo hayakuwa na sukari. Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta kwa kiganja. Kwenye dirisha la jikoni alisimama kidogo, akalifungua, akalifunga. Dirisha likabaki lote. Akavuta kiti, akakaa mezani, akapewa chai.

Ndipo mvua ikashuka. Ilipiga mabati mpaka ikawa lazima mtu apaze sauti. Meneja alikimbia huku na huko akitoa taarifa.

"Sebuleni kukavu! Chumbani kukavu! Kwa Bonge kukavu, ila Bonge mwenyewe kalowa!"

Mama Meneja akaanza kupumua. Aliangalia kuta zake nyeupe, akamwangalia mumewe, na furaha ikampanda mpaka ikambidi ajitie kupanga vikombe.

Ti.

Tone lilianguka mezani, karibu na kikombe cha shangazi. Kona ya jikoni. Likafuata lingine. Kwa haraka Mama Meneja akasogeza sinia juu ya unyevu, kana kwamba pale ndipo mahali pake.

"Bibi," Meneja akasema kwa sauti yake ya kazini, "hapo panavuja."

"Nimeona, mjukuu wangu," shangazi akajibu. "Lete sufuria."

Sufuria ikaletwa, ikawekwa. Ti, ikasema. Ti. Na kama vile alikuwa nyuma ya mlango akisubiri, baba mkubwa akapiga simu.

Shangazi akaitazama simu, akaitazama sufuria. Akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akakikunja vizuri mara mbili, akakilaza ndani ya sufuria. Matone yakanyamaza. Ndipo akapokea.

"Ndiyo, kaka, niko hapa... Mvua? Kubwa sana, si unaisikia?" Akasikiliza, macho yake yako kwenye sufuria. "Nyumba ya mama? Haivuji."

Akakata simu.

"Bibi," Meneja akasema, "umesema uongo."

"Nimesema. Na wewe usinizoee." Akanywa chai, akameza taratibu, na aliposema tena sauti haikuwa ileile. "Kona hii ilikuwa inavuja mimi nikiwa mdogo kuliko wewe. Baba alipanda juu kila mwaka, akashindwa. Inataka mvua ya upepo, mvua ya kawaida haiamshi. Kila ikinyesha, mama alitia kitambaa kwenye sufuria tusishtuke usingizini. Tulikuwa tunalala hapa, mimi na kaka. Yeye kasahau."

Baba Meneja akajikohoza. "Kesho nitapanda, shangazi. Nitaizi—"

"Utapanda, utashindwa, utashuka. Panda tu, ni desturi ya nyumba." Akavua viatu, akavisukuma chini ya meza. "Nitalala chumba gani?"

Mama Meneja alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Bonge, asiyependa kuachwa nyuma, akaanza kulia naye. Akambeba mgongoni, akakitoa kile kitambaa, akakikamua dirishani, akakikunja mara mbili kama alivyokiona, akakirudisha ndani ya sufuria.