Mtoto wa Paini Mbili

Mellen alimkuta wifi yake, Nyasuguta, amepiga magoti mbele ya makopo ya miche.

"Yawa, wifi! Mti umeanguka tangu mwaka jana, wewe bado unautafuta ndani ya makopo?"

"Kitendawili," akajibu Nyasuguta bila kuinua uso.

"Haya, tega."

"Baba na mama hawajawahi kugusana, mtoto wao huyo kasimama."

Mellen akajikuna shingo. "Ningesema jirani zangu, lakini wale waligusana, nilisikia mwenyewe. Nimeshindwa. Chukua mji, nakupa Homa Bay."

"Nimekwenda Homa Bay, nimekula mbuta, paka nimemwachia mifupa. Ni paini."

Alipoolewa hapa Kosele, Nyasuguta alikuja na mche wa paini kutoka milima ya kwao Kisii, ule wa majani marefu yanayoning'inia. Mumewe Japheth akapanda wa kwake kando, wa aina nyingine, majani mafupi magumu. "Wako usilie upweke," alimwambia. Miti ikakua, ikaanza kumwaga vumbi lake la manjano, na siku moja wakaona mche umejiotea penye ua. Majani yake si marefu si mafupi. Yalianza kuning'inia yakaghairi. Watu walisema una ugonjwa. Japheth alicheka tu. "Hawa wetu wameoana. Upepo ndiye mshenga."

Akaupenda mti ule kama mtu. Alipofariki, zile paini mbili kuukuu zilipasuliwa mbao za jeneza lake. Wa tatu ukabaki, na Nyasuguta akawa anauegemea pale pale alipouegemea mumewe, mpaka masika yakaung'oa. Aliokota vitunda vyake vikavu, akapanda mbegu. Alitaka mmoja tu kama ule.

Sasa alikuwa anapapasa majani, kopo baada ya kopo. "Huu unaning'inia, ni wangu. Huu unachoma, ni wa kaka yako. Huu wangu tena." Akafika kopo la mwisho, akalishika kwa muda mrefu. "Mellen, hayupo. Kila mmoja amekwenda upande wake."

"Ndivyo watoto walivyo," Mellen akasema, sauti imeshuka. "Wajukuu zangu, mmoja ana pua ya babu yake, mwingine ana miguu sijui ameiokota wapi."

Nyasuguta hakucheka. Alichagua miche miwili, mmoja wa kuning'inia na mmoja mgumu, akauliza jembe liko wapi. Wakachimba karibu na visiki vya zamani, kwa nafasi ile ile aliyoiacha Japheth.

"Na yule wa katikati?"

"Atakuja."

"Lini, wifi? Wewe na mimi tumebakiwa na meno mangapi?"

Nyasuguta alishindilia udongo kwa viganja. Kisha akaenda penye ua, pale ulipojiotea ule wa tatu, akang'oa kigingi cha mbuzi, akakipeleka mbali, nyuma ya jiko.