Mwenye Nyumba Asiyeingia Ndani

Asubuhi ya rufaa, Mideva aliusoma utetezi wake mbele ya kioo kwa sauti kubwa hadi mama yake akagonga ukuta.

"Wewe wakili! Chai inapoa!"

Hakuwa wakili. Alikuwa mwanafunzi wa mipango miji, na moyo ulimdunda kwa furaha ya raia anayekwenda kuiambia serikali, kwa adabu na kwa haki yake yote, kwamba imekosea.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mthamini aliyepewa kazi ya kukadiria upya thamani ya viwanja vya mtaa wa Shieywe alikuta vijumba viwili karibu na lango la akina Mideva, kila kimoja na mlango wake na kufuli yake. Akaandika: nyumba za kupangisha. Kodi ya ardhi ikapaa. Kumbe zile zilikuwa isimba, vijumba walivyojijengea kaka zake baada ya kutahiriwa, maana kijana aliyetoka jandoni halali tena chini ya paa la wazazi wake. Sasa wote wawili walikuwa mbali kikazi. Tevin, kifungua mimba, alikuwa Qatar.

"Tuzibomoe, yaishe," baba mdogo alikuwa amependekeza.

Mama alimkazia macho. "Ubomoe isimba ya mtoto aliye safarini? Si ni kumwambia asirudi?"

Ndipo Mideva alipowasilisha pingamizi. Jambo moja tu lilimkera. Alikuwa amemsihi baba yake, Mzee Jairus, apigwe picha ameketi kitandani mwa Tevin, ili jopo la rufaa lione kuwa hapo ni nyumbani mwa jamaa moja. Mzee alicheka hadi akapaliwa.

"Niingie kwa kijana wangu? Huko chuoni wanakufunza nini, mama?"

Picha haikupigwa.

Utetezi nao haukusomwa. Mwenyekiti wa jopo, Bi. Dorothy Makhanu, aliitazama ramani, akavua miwani, akasema, "Twendeni tukaone wenyewe." Punde wakawa wamesimama uani kwa akina Mideva, na mthamini, kijana mtanashati aitwaye Kibiwott, akaielekeza kalamu yake kwenye kufuli.

"Mheshimiwa, mlango wake, kufuli yake. Huyu ni mpangaji."

"Jiko liko wapi?" Mideva alidakia. "Mpangaji gani anayekula obusuma, ugali wa nyumbani, kwa mama mwenye nyumba kila jioni?"

"Mimi," Kibiwott akajibu. "Miaka yangu yote ya chuo."

Watu waliangua kicheko. Mideva alihisi hoja yake bora ikimponyoka kama sabuni bafuni. Alifungua kufuli ya Tevin.

"Mzee, tangulia utuonyeshe," Bi. Dorothy alisema.

Mzee Jairus alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ua wa michongoma. "Ingieni tu nyinyi. Mimi nitajibu nikiwa hapa."

"Si ni kwako?"

"Kiwanja ni changu, mama. Humo ni kwa Tevin, na baba haingii isimba ya mwanawe."

"Na mvua ikikukuta hapa?"

"Nitalowa."

Bi. Dorothy alichungulia ndani. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa, jezi ukutani, na picha ya Tevin akiwa na meno mawili tu ya mbele. Alipogeuka alikuwa akitabasamu.

"Bwana Kibiwott, umewahi kuona mwenye nyumba za kupangisha asiyethubutu kukanyaga kizingiti kudai kodi?"

Kibiwott alimtazama mzee aliyejibana kwenye michongoma, akashusha kalamu. "Sijawahi, mheshimiwa. Mimi nimekulia ghorofani Nairobi. Baba yangu aliingia chumbani mwangu hata bila kubisha."

"Pole," Mzee alisema, kwa huruma ya kweli.

"Basi hapa ni makazi ya familia," Bi. Dorothy alitamka. "Makadirio yatarekebishwa, na uamuzi wa maandishi utafuata."

Mideva alimrukia baba yake akamkumbatia, miiba na yote. Kisha, huku mama akipiga vigelegele mlangoni pa jikoni, alimpigia Tevin simu.

"Kaka! Isimba yako inabaki!"

"Kwani ilikuwa inaenda wapi?"

"Wewe njoo tu! Nimeifungua ipate hewa."

Sauti ya Tevin ikashuka. "Baba yuko karibu?"

"Yuko hapa nje, mbele ya mlango wako."

"Mwambie asiingie," Tevin alisema akicheka. "Mwambie Desemba nakuja kuufunga mwenyewe."