Kodi ya Kila Bomba

Mama Mbelu, mkausha samaki, hakubisha hodi. Aliingia ofisini kwangu, katika zone, yaani wilaya, ya Kolwezi, akatandaza shuka jeupe juu ya mashine yangu ya kupigia chapa. Lilikuwa limetobokatoboka, na kingo za matundu zilikuwa za manjano.

"Tata Mwenze, njo weye uliandika ile loi ya moshi?"

Nilikubali kwamba sheria ile ni yangu, tena kwa majivuno. Mimi ndiye niliyebuni kodi ile ya mwaka 1974: kila bomba litoalo moshi, kodi moja, mwenye nalo awe tajiri au maskini. Nilidhani huo ndio usawa. Karatasi ilikuwa ikingoja sahihi ya Commissaire, mkuu wetu, adhuhuri hiyo.

"Mi niko na mapipa tatu ya kukausha samaki, kila moja na bomba yake," alisema. "Usine iko na cheminée ngapi?"

"Kiwanda kina bomba moja, mama."

"Basi mi nilipe mara tatu ya usine? Siku ya lundi nazima moto. Batoto batakula nini?" Akaingiza kidole katika tundu la shuka. "Hii dra niliianikaka dimanche kisha misa, upepo ikatoka kule ku usine na moshi yenye kuchoma. Moto yangu ilitobolaka nguo ya nani?"

Nilishikwa na aibu, kisha hasira, na hasira ya kwanza ilikuwa juu yangu mwenyewe. Miaka sita nimepita chini ya moshi ule nimeziba pua kwa leso, mke wangu akililia sombe, majani yake ya muhogo, yaliyoungua bustanini, halafu mimi nakaa kuhesabu mabomba! Nilimwomba aniachie shuka. Nikachapa upya: kodi itafuata wingi wa moshi na madhara yake.

Adhuhuri Commissaire aliisoma ile mpya huku amesimama, abacost yake, koti la kiserikali, haina hata kunyanzi moja.

"Nani alikutuma kupima madhara? Bakubwa ba usine batasema nini? Leta ile ya kwanza."

"Iko hapa, citoyen commissaire."

Niliiweka ile ya kwanza mezani. Juu yake nikatandaza shuka, nikalisogeza polepole mpaka tundu moja likaangukia mahali pa sahihi.

"Signez pale, tia sahihi ndani ya tundu," nikamwambia. "Nafasi inatosha."

Alifungua kalamu, akainama. Nje upepo ulikuwa umegeuka, na harufu ya kiwanda ikaingia dirishani. Commissaire akakohoa, akakohoa tena, kalamu ikiwa bado hewani.