Ukanda wa Mama

Tangu utotoni Musoki, ambaye miguu yake haikuweza kutembea, alikwenda soko la Mpondwe mgongoni mwa mama yake, amebebwa kwa ukanda wa paji la uso ambao wanawake wa milimani hubebea kuni. Leo, akiwa mtu mzima tayari, vijana wa kujitolea wa Bwera walimletea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, waliyoiunda wenyewe kwa vyuma vikuukuu.

Kabla hajaizoea, mama akafunga ukanda kwenye usukani, akautia kwenye paji lake, akaanza kuvuta.

"Mama! Hii si mbuzi!" Musoki alifoka. "Iko na cheni. Achilia!"

"Utaweza mlima huu, mwanangu?"

Musoki alifungua fundo kwa hasira, akamrudishia ukanda, akazungusha. Magurudumu yalisita, kisha yakakubali. Kileleni akafunga breki, jasho likimtiririka, akamngoja mama yake, aliyefika akihema na kikapu cha mihogo mgongoni.

"Lete hiyo mihogo."

Akaipakia nyuma ya kiti, akaifunga kwa ukanda ule ule. Chini yao soko lilikuwa limechangamka. Musoki akajisogeza pembeni mwa kiti.

"Sasa panda, mama. Leo ni zamu yangu."