Mbao za Kijerumani Kibokoni

Harufu ndiyo iliyompokea Bi Mona, kabla ya mtu yeyote. Alikuwa atoka Malindi kumuuguza bintiye, ameshuka tuktuk kwenye kona ya Kibokoni na hamu ya kahawa kooni, akanusa. Si ya mtaro; ya mtaro aliizoea. Hii ilikuwa harufu ya gereji.

Akainua macho kuitazama nyumba alimozaliwa. "Audhubillahi!"

Ukuta wa mawe ya matumbawe, uliopakwa chokaa na mikono ya watu waliokwisha kufa, ulikuwa umepigiliwa mbao nyeusi toka chini hadi juu: nyingine zimesimama, nyingine zimelala, nyingine mshazari kama zimelewa. Zilipakwa oili chafu, ile imwagwayo kutoka kwenye injini, na jua lilikuwa limeilainisha, yatiririka juu ya weupe wa chokaa kama mate ya mtafuna tambuu. Juu ya mlango mende amenasa, angali akitikisa masharubu.

Ziad, mtoto wa kakake, aliyerudi karibuni kutoka Ujerumani, akatoka kifua mbele. "Karibu shangazi! Umeionaje?"

"Nani kafa, mwanangu, mbona nyumba mmeivika kaniki?"

Na kosa, kusema kweli, lilianzia kwa Bi Mona mwenyewe. Kabla ya safari yake ya Malindi, Ziad alimwonyesha kwenye simu picha ya nyumba ya mji mdogo alikokuwa akiishi, nyumba ya zaidi ya miaka mia nne. Chini soko la nafaka, juu baraza la wazee wa mji, na harusi zikichezwa humo humo. Husimamisha magogo ya mwaloni kwanza, Ziad akaeleza, wakayaunga kwa vigingi vya mti, kisha mapengo hufumwa fito na kukandikwa udongo na majani makavu.

"Kumbe Wajerumani nao wakaa nyumba za udongo kama za Majengo!" Mejumaa, jirani ya Bi Mona aliyekuwa kando yake, alicheka hadi mtandio ukamwanguka.

Bi Mona yeye alishika harusi na soko tu. Tangu awe mjane, kilichomweka hai ni wale wanawake waliojaa dakani mwake, ukumbini pa mlangoni, kila alasiri kwa kahawa na umbeya. Nyumba ya kujaa watu! "Basi, babu, nifanyie kama hiyo," akasema. Yeye ataka watu, Ziad kasikia mbao.

"Zashika nini hizi?" akauliza sasa.

"Hazishiki kitu, shangazi. Urembo. Watalii watapiga picha."

"Na vichwa vya boriti vilivyokuwa vimechomoza hapa?"

"Tulivikata, ili mbao zilale sawa."

 Kwa Bi Mona ilikuwa kama kuambiwa wamemkata babake vidole ili glavu imkae vizuri.

Alasiri ikaingia. Mejumaa akaja na sahani ya kashata, Farah, mwenzao wa kahawa, nyuma yake. Hawajavuka kizingiti, tone likaanguka, po! katikati ya kashata. Likatanda, jeusi, lang'aa.

"Mona, dada yangu, nisamehe," Mejumaa akasema, leso puani. "Nakupenda, lakini hapa siketi. Hata nguo zangu zitanuka kama za turnboi wa lori."

"Wala mimi," akasema Farah. Wakageuka. Dakani pakabaki harufu tu.

Bi Mona akamwita Kazungu, fundi aliyekuwa akimalizia ubao wa mwisho. "Ng'oa."

"Mama, hii misumari ni mirefu. Itatoka na ukuta."

"Na itoke."

"Shangazi!" Ziad akalia. "Kule mbao zikitolewa, nyumba yaanguka!"

"Ndiyo maana kule hazitolewi! Hapa umebandika uchafu."

Kazungu alipositasita, akaushika ubao wa mlangoni mwenyewe, mende na yote. Oili ikamteleza hadi kwenye viwiko, chokaa ikaporomoka kwa mapande, vumbi likamjaa kinywani. Akatapika kidogo pembeni, akafuta mdomo kwa bega, akaendelea. Kelele zikawaleta majirani. Wakasimama ng'ambo ya kichochoro, wameziba pua, wakibishana ni fundi gani wa chokaa aliyebaki mjini, na Ziad wakimwita Mjerumani mpaka akakimbilia ndani.

Magharibi ikikaribia ukuta ulikuwa umejaa mashimo kama uso uliopona ndui. Mejumaa akavuka na birika la kahawa, akapangusa ngazi kwa gazeti, akaketi, ingawa kwa upande mmoja wa tako. Wengine wakamfuata wakilalamika.

Bi Mona akapokea kikombe kwa vidole vyeusi, akapiga funda, akatema.

"Yanuka gereji," akasema. "Mimina nyingine."