Mnengua Kwenye Kamba ya Nguo

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kilikuwa kibanio cha bluu. Vibanio vya bluu vilikuwa vya pembeni, vya mbao vya katikati. Ndivyo alivyovipanga tangu siku aliyokabidhiwa kamba, na hakuna mtu mwingine aliyeujua utaratibu huo wala kuujali. Asubuhi ile kibanio cha bluu kilikuwa katikati ya shuka, kimebana upande upande, kama kilichorudishwa na mtu mwenye haraka. Akaliangalia shuka lenyewe. Chini kwenye pindo palikuwa na alama ya soli ya kiatu, mistari mistari, imetulia kama muhuri wa ofisi.

Mwenye kiatu hakumjua. Aliyemleta alimjua vizuri sana.

Kimya halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alipewa na Mama mkubwa, dada yake mama, siku ya tatu baada ya kuja kukaa naye, kwa sababu ilikuwa siku ya tatu na bado hajasikia sauti yake. Mama mkubwa alikuwa dobi. Alikuwa na chumba kimoja cha pasi, kibanda cha mabeseni nyuma, na ua wa mbele wenye kamba nne, uliotazama barabara. Lango la ua lilikuwa limekatika bawaba tangu enzi, limeegemezwa tu. Mashuka mengi yaliyoanikwa pale yalikuwa ya nyumba ya wageni ya mtaa wa juu: meupe ya vyumba vya kawaida, na ya maua makubwa mekundu na manjano ya vyumba vya ghorofani.

Sasa, dobi yeyote anajua kwamba nguo ya rangi huanikwa ndani nje, jua lisiile rangi. Mama mkubwa mwenyewe alimfundisha Kimya hivyo, tena kwa kumpiga kikofi cha mkono alipokosea. Lakini yale ya maua alitaka yaanikwe uso nje. Alipenda watu wapite barabarani wayaone yakipepea, waulize ni kazi ya nani. Kimya aliliona hilo, akalimeza, kama alivyomeza mengine.

Simu ilikuwa marufuku kazini. Msichana aliyekuwepo kabla yake aliunguza kola ya shati la harusi akiwa amekodoa macho kwenye simu, na Mama mkubwa hakuwa amesahau. Kwa hiyo Kimya aliificha yake, ya zamani, iliyopasuka kioo pembeni, ndani ya kopo la vibanio. Kopo lilikwenda naye uani kila asubuhi, na hakuna anayemuuliza mtu anayeanika nguo kwa nini amebeba vibanio.

Ndani ya simu kulikuwa na ule mchezo wa kukamata vijidude ambao watu wazima na akili zao walikuwa wameuvamia mjini. Unaelekeza kamera mahali, mchezo unapatazama pale mahali, halafu unakuletea kijidude kinachopapenda. Penye maji huja cha maji. Penye mawe huja cha mawe. Wiki mbili nyuma Kimya alielekeza kamera kwenye kamba, mashuka ya maua yakiwa yamejaa mwanzo hadi mwisho, na simu ikaamini imefikishwa kwenye bustani. Akatokea Mnengua.

Mnengua alikuwa ua lenye miguu. Kimo chake ni cha jagi la maji, kichwa chake petali tano za rangi ya machungwa, mikono yake majani mawili marefu yaliyoning'inia kama mikono ya kanzu iliyomzidi mvaaji. Miguu ilikuwa mizizi, na kwa mizizi hiyo alinengua. Alikwenda kushoto mara tatu, akazunguka, akasimama na kuinua jani moja kana kwamba anamngoja mwenzake. Usipofanya kitu, anarudia. Kimya alitazama kushoto, akatazama kulia, akaweka beseni chini. Akaenda kushoto mara tatu, akazunguka.

Hapo simu ikauliza swali refu. Kimya alitoka shule darasa la tano, na maandishi marefu aliyasoma polepole, kwa kidole. Kabla hajafika katikati Mama mkubwa akamwita. Palikuwa na kitufe cha kijani na kitufe chekundu, na chekundu kilimtia hofu. Akabonyeza cha kijani. Alilisoma lile swali siku mbili baadaye, alipokuwa ameshajua jibu: mchezo ulikuwa unauliza kama angependa wachezaji wengine waonyeshwe mahali hapa.

Wakaonyeshwa. Wa kwanza kuja alikuwa Karani, mtu mzima mwenye tai na kitambi cha heshima, anayefanya kazi ofisi ya ardhi. Aliingia kwa adabu, akabisha hodi kwenye lango lisilo na bawaba hadi likamwangukia. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Siku ya tano walikuwa kumi na wawili, wanakuja saa ya chai ya ofisini, wanatembea kati ya kamba macho yakiwa kwenye simu, wanasukuma mashuka kwa vichwa kama ng'ombe kwenye pazia. Shuka likidondoka, mwenye haya alilirudisha. Wengi hawakuwa na haya.

Mama mkubwa alipambana. Kwanza aliwatukana, wakamwomba radhi na kesho wakarudi. Akafunga kamba kwenye lango, wakairuka, Karani akiwa wa mwisho maana alihitaji kusukumwa. Halafu akamtafuta fundi wa kuandika mabango, akaandikiwa kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA UA LOLOTE. Siku hiyo walikuja ishirini na sita, kwa kuwa hata waliokuwa na mashaka sasa walipata uhakika.

Kimya aliyatazama yote haya akiwa na shuka mkononi, na kila mara sentensi ilimfika kooni na kurudi ilikotoka. Alichoka na wale watu. Alichoka na Mama mkubwa aliyekuwa anajaribu kila dawa isipokuwa kumuuliza mtu aliyesimama pembeni yake. Zaidi ya wote alichoka na mdomo wake mwenyewe, uliokakamaa kama kola iliyopigwa wanga.

Jumamosi Mama mkubwa alitoka sokoni na chungu cha ua la kweli, akaliweka langoni. Akamwambia Karani wachukue hilo, walicheze huko kwao, wamwachie mashuka yake. Karani alilitazama, akafuta jasho, akamweleza kwa upole kwamba wao wanamtafuta anayecheza.

"Na mimi nikicheza mtaondoka?" akauliza Mama mkubwa.

"Inategemea, mama. Unazungukia upande gani?"

Watu walicheka hadi wengine wakashika kamba wasianguke, na kamba ya tatu ikashuka chini na mashuka manane.

Ndiyo mashuka yaliyokwenda nyumba ya wageni yakiwa na vumbi lisilotoka vizuri. Jumapili jioni Msimamizi wa nyumba hiyo alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayezungumza taratibu kama anayehesabu funguo. Alikunjua shuka moja juu ya meza ya pasi, akaonyesha alama ya kiatu kwa kidole, kisha ya pili, kisha akalikunja. Akasema Alhamisi saa tano atakuja kuchukua mzigo wake kwa mkono wake. Akikuta alama moja, mashuka yote yatahamia kwa wale wenye mashine.

Alipoondoka Mama mkubwa alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakufoka, na hilo ndilo lililomwogopesha Kimya. Alisema bila mashuka yale kazi iliyobaki ni ya mikono miwili tu, na mikono hiyo ni yake. Ikifika hapo, itabidi Kimya arudi kwa baba yake mdogo.

Kwa baba mdogo Kimya alilala stoo, kati ya magunia, na alilea watoto wanne, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameamkaje. Alisema sawa. Ndilo neno alilokuwa nalo karibu.

Jumatatu alijikaza kisabuni. Alishaona kwamba siku za mashuka meupe Karani na wenzake walizunguka uani dakika mbili wakaondoka wakinung'unika. Alfajiri aligeuza mashuka ya maua ya kamba ya kwanza, ndani nje, upande wa nyuma usio na rangi kali ndio utazame barabara. Akaelekeza simu. Mnengua alikuwa amehamia kamba ya pili. Akageuza ya pili, akahamia ya tatu. Akageuza ya tatu na ya nne, akaelekeza simu, na hapakuwa na kitu. Ukuta, kamba, nguo zinazodondosha maji. Simu ikaandika kwamba mahali hapa hapana bustani.

Dawa ilikuwa ndogo hivyo. Kimya alisimama katikati ya ua na dawa yake mkononi, alipaswa kufurahi. Akangoja furaha ifike. Alichokisikia ni maji yakidondoka, na ndani Mama mkubwa akikohoa na kuita, lete mkaa.

Akayageuza yote uso nje, moja baada ya jingine, na kila kibanio cha bluu akakirudisha pembeni. Alijiambia kuna Jumanne, kuna Jumatano, Alhamisi bado. Mnengua alitokea kamba ya kwanza, akainua jani.

Jumanne ilipita, Jumatano pia, na watu walikuja siku zote mbili. Jumatano usiku Kimya alifua upya mashuka kumi na moja peke yake, akisugua nyayo za ofisi ya ardhi hadi vidole vikakunjamana.

Alhamisi saa nne na nusu mzigo mzima ulikuwa kambani, unamalizia kukauka, na Karani akafika na jeshi lake. Habari zilikuwa zimeenea kwamba huenda leo ndiyo mwisho, basi walikuja hata wasiocheza. Mama mkubwa alisimama mbele ya kamba ya kwanza amenyoosha mikono, mmoja umeshika mwiko wa kukorogea nguo, na sauti ilishamkauka. Alikuwa anaongea nao kwa midomo tu. Kimya alimwona vile, mtu aliyekuwa akisikika hadi mtaa wa tatu, hana sauti. Akaona kwa macho kukosa sauti kulivyo.

Akamshika kiwiko.

"Mama mkubwa, tuyageuze."

Mama mkubwa alimtazama kama aliyesikia ndoo ikisalimia.

"Unasemaje?" akanong'ona.

"Mashuka. Ndani nje, kama ulivyonifundisha. Wanayemtafuta ataondoka."

Labda ni uchovu, labda ni mshangao wa kusikia maneno yote hayo kwa mkupuo. Mama mkubwa hakuuliza sababu. Walianza kila mmoja na kamba yake, wakibandua vibanio na kugeuza, na watu wakawafuata kamba kwa kamba, simu mbele, wakisema yuko kule, amekwenda kule, amebaki ile ya mwisho. Kimya aligeuza shuka la mwisho bila kuangalia simu ya mtu.

"Ameondoka," alisema Karani. Aliizungusha simu juu, akaizungusha chini, akauliza kama kuna mtu mwingine anamwona. Hakuna aliyemwona. Walisimama dakika chache kama watu waliofika msibani na kukuta maiti amepona, kisha wakatoka mmoja mmoja. Karani aliegemeza lango mahali pake.

Msimamizi aliingia saa tano kamili. Alipita kila kamba, akashika kila pindo, akainama, akainuka. Akafika kamba ya nne.

"Hatimaye mmejua kuyaanika," akasema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini maua yanapauka, na nyie ndio mnaojiita mafundi."

Mama mkubwa aliweka mwiko chini, akaanza kubandua vibanio. Mzigo ulikunjwa, ukabebwa, na Msimamizi akasema Jumamosi ataleta mwingine.

Walipobaki wawili Mama mkubwa alirudi kwenye ndoo yake. Alimwita Kimya asimame mbele yake, akamtaka aeleze kila kitu, na Kimya akaeleza. Kopo la vibanio, kamera, kitufe cha kijani. Hata Jumatatu hakuiruka, ingawa ulimi ulitaka kuiruka. Kwa kila neno Mama mkubwa alizidi kushika kichwa.

"Tangu Jumatatu," akasema kwa sauti yake iliyokwaruza. "Nimesimama na mwiko siku tatu kama askari wa sanamu, na wewe unajua tangu Jumatatu. Na Jumamosi nilishanunua chungu. Sasa mtoto wewe, kwa nini hukusema? Na kwa nini uliyageuza tena?"

Kimya alikiangalia kibanio cha bluu kilichobaki mkononi. Alingoja sentensi irudi chini kama kawaida yake. Safari hii haikurudi.

"Kwa sababu hapa nakaa kutwa nzima, Mama mkubwa, na hakuna anayeniambia kitu ila leta na peleka," akasema. "Yule nilikuwa nacheza naye."